Babu Msisilia aliyeshuka melini mara tatu

Swali limetoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Tanga, sasa hivi anaishi Pennsylvania na mume na watoto. Nafupisha: "Mume wangu upande wa mama yake ni Wataliano, babu wa mama mkwe ndo alotoka huko akaja kuchimba makaa ya mawe maeneo ya Pittston. Mama mkwe ana kopo la biskuti limejaa makaratasi yake, kuna cheti cha uraia cha 1931, na kuna kijitabu kidogo chenye picha ya bibi na alama ya kidole, hakuna anayejua ni cha nini. Kwenye orodha za meli nimemkuta babu mara tatu, 1903, 1907 na 1912, sijui ni mtu mmoja au watatu wenye jina moja. Bibi simpati kabisa. Hapa nyumbani wanasema jina lilibadilishwa na maofisa wa Ellis Island, kile kituo cha kukagulia wageni bandarini New York, wengine wanasema mzee alizamia meli. Cheti kinasema katoka Caltanissetta ila nimewaandikia kule wamejibu hawamwoni. Nataka watoto wajue huyu mzee aliishije. Na je, wanaweza kupata uraia wa Italia?"

Dada, kwanza hongera, manake mkwe ndo unahangaika na ukoo kuliko wenye ukoo wenyewe, na hilo nakutana nalo kila leo. Pili hayo makaratasi yanajieleza vizuri kuliko unavyodhani, tatizo mnayasoma kama ya mtu aliyefunga virago akahamia Marekani, ndo mana hizo safari tatu zinakuchanganya. Msome kama kijana aliyekwenda kutafuta kibarua, anatuma hela nyumbani, anarudi, hela inaisha anaondoka tena, na moyoni mwake kwao ni kulekule Sisilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, mpaka siku mlango ulipofungwa. Wataliano wengi wa miaka ile walikuwa hivyo, kati ya 1880 na 1924 waliingia Marekani zaidi ya milioni 4, wengi wa kusini, na sehemu kubwa sana walirudi kwao, wengine zaidi ya mara moja. Kwaiyo mtu kuonekana mara tatu kwenye meli wala sio ajabu.

Tuanze na Caltanissetta maana hapo ndo umekwama. Caltanissetta ni mji wa hukohuko Sisilia, alafu ni mkoa pia. Wewe ni mtu wa Tanga utanielewa haraka, mtu wa Lushoto au wa Pangani akiulizwa ugenini kwenu wapi si anasema tu Tanga? Basi na huyu mzee alimwambia karani wa mahakama Caltanissetta, karani akaandika, ila kijiji chenyewe kinaweza kuwa chochote ndani ya mkoa ule, na vitabu vya vizazi Italia havikai pamoja kwa mkoa mzima wala Roma, kila manispaa, wao wanaita comune, ina vitabu vyake. Ukiandika mjini kwa mtu wa kijijini watakujibu hayupo na watakuwa wamesema kweli. Bila jina la kijiji huendi popote, na kutafuta kwa jina la ukoo peke yake usijisumbue, kule mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama, kwaiyo ndugu wanne wakizaa wavulana unapata mabinamu wanne jina moja ukoo mmoja kijiji kimoja. Kinachowatenganisha ni jina la baba, usimkubali mtu yeyote bila jina la baba.

Kijiji utakitoa wapi? Kwenye hizohizo orodha za meli. Rudi kwenye ile ya 1912 ufungue ukurasa wa pili. Watu wengi hawajui kwamba kuanzia kama 1907 fomu ilikuwa kurasa mbili zinazotazamana, na kwenye kompyuta zinakuja kama picha mbili, unaona wa kushoto unafurahi unafunga. Kulia ndo kuna utamu: anakwenda kwa nani na anuani yake, ana dola ngapi mfukoni, ameshawahi kufika Marekani lini na wapi, urefu wake, rangi ya macho, na mwisho kabisa alizaliwa wapi, kijiji sio mkoa. Na kushoto kuna safu ya ndugu wa karibu aliyembakiza nyumbani, hapo nategemea utamkuta bibi, "mke fulani" na mahali alipo.

Sasa mtu mmoja au watatu? Hiyo safu ya "umewahi kufika" itakujibu nusu. Kama wa 1912 anasema alikuwepo 1907 hadi mwaka fulani Pittston, basi. Nusu ya pili iko juu ya jina lenyewe. Sheria ya uraia ya 1906 ilitaka mtu aliyeingia baada ya Juni mwaka ule athibitishiwe tarehe ya meli kabla hajapewa uraia, kwaiyo mzee alipoomba karani alirudi kwenye orodha ya asili akaitafuta safari aliyoitaja, na kuanzia kama 1926 walikuwa wanaandika palepale juu ya jina namba ya ombi na tarehe. Utaona namba ndogo imebanwa kati ya mistari, yenye kistari katikati, kama vile mtu kaichafua karatasi. Hiyo sio uchafu. Cheti chake ni cha 1931, kwaiyo ukikuta namba ya miaka ya mwisho ya 1920 au ya 1930 juu ya jina lake, huyo ndo mzee wenu bila ubishi.

Kuhusu kuzamia, futeni hiyo hadithi kwa amani kabisa. Mzamiaji haandikwi bandarini pamoja na anuani ya anakokwenda. Hadithi hiyo nakutana nayo sana, nadhani wajukuu wanaona safari ya kulipia nauli haina ushujaa wa kutosha.

Na ya jina pia, ila hii inauma watu kuikubali. Maofisa wa Ellis Island hawakuwa wanaandika majina, orodha ilikuwa imeshaandikwa na makarani wa kampuni ya meli huko Palermo au Napoli, Mtaliano anamwandika Mtaliano, ofisa wa New York kazi yake ilikuwa kuisoma na kuuliza maswali yaleyale alinganishe majibu. Na wakalimani walikuwepo kibao, Fiorello La Guardia ambaye baadae alikuwa meya wa New York alifanya kazi hiyo palepale kuanzia 1907 mpaka 1910, na Kitaliano alikuwa anakiongea. Jina lilibadilika baadae na kwa polepole, nyapara wa mgodi anaandika anavyosikia, mwalimu wa watoto anakata herufi ya mwisho, na mara nyingi mwenye jina mwenyewe kachoka kusahihisha akaamua bora yaishe. Tafuta kadi yake ya kujiandikisha jeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume wote wa umri husika walijiandikisha Juni 1917, na Septemba 1918 ikawa mpaka wa miaka 45, hata wasio raia. Chini kuna saini. Utaona kwa mkono wake alikuwa anajiitaje, au kama hakusoma utaona msalaba na jina kaandikiwa na mtu.

Haya, maisha yenyewe sasa. Mkoa wa Caltanissetta ulikuwa nchi ya salfa, hiyohiyo wanayopulizia mikorosho kule Mtwara. Karne ya 19 salfa nyingi ya dunia ilitoka Sisilia, na waliokuwa wanaipandisha juu kutoka shimoni ni watoto, wakiitwa carusi, wengine hawajafika hata miaka 10. Mchimbaji alikuwa anawapa wazazi kiasi cha pesa kama mkopo, mtoto anaingia shimoni kuulipa kwa mgongo wake, na kwa ujira ule deni lilikaa miaka, kuna waliokuwa watu wazima bado wanalidaiwa. Wanapanda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba na mzigo begani, karibu uchi sababu ya joto, taa ndogo ya mafuta, macho yanawasha. Booker T. Washington, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa, alikwenda kule 1910 kujionea, akasema jehanamu ya huko mbele hana uhakika nayo ila machimbo ya salfa ya Sisilia ndo kitu cha karibu zaidi nayo anachotegemea kukiona katika maisha haya. Na huyo ni mtu aliyeujua utumwa.

Alafu sikiliza hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Louisiana wakaanza kutoa salfa kwa wingi kwa njia ya Herman Frasch, unashusha maji ya moto sana kwa bomba inayeyuka huko chini, inasukumwa juu kwa hewa, hakuna shimo hakuna mtoto. Salfa ya Sisilia ikakosa soko. Kwaiyo Marekani ilimnyang'anya kazi kwanza ndo ikampa nyingine. Sijui kama mzee wenu alikuwa caruso, usimwambie mtoto kama hakika, ila kuna karatasi itakayokwambia. Kila kijana wa kiume Italia aliitwa kupimwa kwa ajili ya jeshi akifika miaka 20, na daftari zile ziko kwenye nyaraka za serikali za mkoa, zinaandika kimo, mzunguko wa kifua, nywele, meno, kazi, anajua kusoma au hajui. Kazi ikiandikwa zolfataio ni mtu wa salfa, contadino ni mkulima. Na hata aliyekuwa ameshaondoka aliandikwa yuko Amerika. Hizo daftari nazipenda kuliko cheti chochote, mana cheti kinakwambia mtu alikuwepo ila daftari inakuonyesha mwili wake.

Kwanini Pittston? Kwa sababu ya waliotangulia, kama kawaida. Eneo lile lilivuta watu wengi wa mkoa ule, Montedoro kwa mfano walijaa pale, kwaiyo ukiniuliza kijiji cha kuanza kujaribu ningeanza na hicho na majirani zake. Mgomo mkubwa wa makaa ya mawe ulikuwa 1902, kuanzia Mei mpaka Oktoba, mpaka Rais Theodore Roosevelt kaingilia, na babu kafika mwaka mmoja baadae. Hakuwa mchimbaji siku ya kwanza. Sheria ya Pennsylvania ilitaka mchimbaji awe na cheti, na cheti mpaka uwe umefanya kibarua mgodini miaka miwili na ujibu maswali kwa Kiingereza. Kwaiyo mgeni alikuwa ni kibarua wa mwenye cheti, mwenzake analipua mwamba, yeye anapakia kwenye vigari, na hela anapewa na yule mchimbaji. Kwenye sensa angalia neno, 1910 ikisema laborer, yaani kibarua, na 1920 ikisema miner, yaani mchimbaji, basi umeshaona alivyopanda, hatua ile ilikuwa na maana kubwa nyumbani kwake. 1910 hiyo ataonekana pengine kwenye nyumba ya Msisilia mwenzake, wanaume sita saba wapangaji, mama wa nyumba mmoja anawapikia na kuwafulia wote. Ukimkosa kabisa 1910 usishtuke. Oktoba 1907 mabenki ya New York yalitikisika, kazi zikasimama, meli za kurudi Italia zikajaa watu kama yeye, na kama karudi 1908 akakaa mpaka 1912 sensa ya 1910 haiwezi kumkuta.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni watoto. Andika miaka waliyozaliwa waliozaliwa Sisilia, weka pembeni ya safari zake. Watoto wa hawa wanaume wanakuja kwa mafungu, baba yupo wanazaliwa, baba hayupo kimya.

Kazi ilikuwa inaua, hilo mwambie mtoto mkubwa tu. Desemba 6, 1907 mgodi wa Monongah, West Virginia, ulilipuka, hesabu rasmi ni 362, na Wataliano peke yao walikuwa 171. Ndo mana kila kundi la watu wa kijiji kimoja walikuwa na chama chao cha kufa na kuzikana, kina jina la mtakatifu wa kijijini, unalipa kila mwezi, ukiumia wanakulisha ukifa wanakuzika na bendi. Ulizia kanisani Pittston kama daftari za chama zipo, humo kijiji kinaandikwa wazi maana ndo sharti la kujiunga.

Bibi sasa. Humpati kwa sababu unamtafuta kwa jina la mume. Mwanamke wa Kitaliano kwenye karatasi anabaki na jina la baba yake mpaka kaburini, kwenye meli pia. Tafuta mama mwenye jina usilolijua akifuatiwa na watoto wenye jina la babu. Na kulijua jina la kwao kuna ujanja mmoja, rudi 1907 au 1912 uone babu alikuwa anakwenda kwa nani. Sheria ilikataza kuja na kazi uliyoahidiwa, ukiulizwa una kazi jibu sahihi ni hapana, kwaiyo kila mtu alitaja ndugu. Ikiandikwa shemeji, hilo jina la shemeji ama ni la ukoo wa bibi au ni la mume wa dada yake babu, unabaki na majina mawili matatu ya kujaribu badala ya elfu. Mwaka wake utaupata kwenye sensa ya 1930 ambayo imeuliza kila mgeni kaingia lini. Mimi natabiri baada ya vita, 1919 mpaka 1921, mana Italia iliingia vitani Mei 1915 na bahari haikuwa ya kupitisha watoto.

Ukimpata, nenda mwishoni kabisa mwa orodha ya meli hiyohiyo, kuna kurasa za waliozuiliwa. Mwanamke na watoto hawakuachiwa kutoka peke yao, walisubiri mume aje au atume telegramu. Hizo kurasa zinasema kwanini wamezuiliwa, nani kaja kuwachukua, saa ngapi, na wamekula mara ngapi, asubuhi ngapi mchana ngapi usiku ngapi, kwa sababu gharama ya chakula ilidaiwa kampuni ya meli. Kuna siku utasoma kwamba bibi na wanawe walikula chakula cha asubuhi mara mbili na cha usiku mara mbili wakimsubiri mzee atoke Pennsylvania. Watoto wako wataipenda hiyo kuliko tarehe zote.

Uraia wa 1931 wengi wanauona kama mapenzi ya Marekani, pengine, ila angalia kilichotangulia. 1921 Wataliano waliwekewa kikomo cha watu 42,057 kwa mwaka, 1924 kikashushwa mpaka 3,845. Ile nenda rudi ikafa. Ukitoka kienyeji huna uhakika wa kurudi, na mwenye uraia ndo alikuwa na nafasi nzuri ya kuleta watu wake. Tena Pennsylvania ilikuwa na sheria ya 1909 inayomkataza mgeni asiye raia kumiliki bunduki ya kuwinda, Mtaliano mmoja aliipinga mpaka Mahakama Kuu ya Marekani akashindwa 1914. Wanaume wa milimani waliopenda sungura walikuwa na sababu zao za kuapa. Cheti ulichonacho ni kipande tu, omba faili zima. Watu wa 1906 mpaka 1956 mafaili yao yako idara ya uhamiaji, wana kitengo cha nasaba unalipia, na ombi lenyewe liko mahakama ya kaunti au nyaraka za taifa Philadelphia. Humo kuna meli, tarehe ya ndoa, watoto wote na mahali walipozaliwa, na kwa kuwa ni baada ya Julai 1929 kuna picha.

Kijitabu cha bibi nacho kimetokana na hapohapo. Zamani mume akiwa raia mke naye anakuwa, ila sheria ya Septemba 1922 ilikata hilo, kila mwanamke aombe mwenyewe. Mzee kaapa 1931, bibi hakuomba, pengine hakujua au Kiingereza kilimshinda. 1940 wageni wote wakaandikishwa na kuchukuliwa alama za vidole, Desemba 1941 vita, na bibi wa watu anayelima nyanya Pittston akawa "mgeni adui" pamoja na Wataliano wengine kama 600,000. 1942 walipewa vitambulisho hivyo vya picha na kidole watembee navyo, na redio za masafa mafupi na kamera walitakiwa wazisalimishe. Kwa Wataliano hali hiyo ilitangazwa kuondolewa Oktoba 12, 1942. Inawezekana wakati huo ana kijana wake yuko jeshi la Marekani, waliokuwa hivyo ni wengi mno. Mama mkwe akikwambia bibi hakupenda kuongea Kitaliano nje ya nyumba, usiishie hapo, muulize ilianza mwaka gani.

Uraia wa Italia nikwambie ukweli usije ukaliwa hela za bure. Zamani ungeweza kupanda vizazi vyovyote, ila sheria ya 2025 imebana, sasa inahesabika mzazi au babu na bibi tu, tena kwa masharti, isipokuwa waliokuwa wameshapeleka maombi kabla ya mwisho wa Machi 27 mwaka huo. Huyo kwa mumeo ni babu wa mama yake, kwa watoto ndo mbali zaidi. Wakala akikwambia ana njia, mwambie akuonyeshe kifungu.

Kwaiyo fanya hivi, ukurasa wa kulia wa 1912 kwanza. Ukishapata kijiji ingia kwenye tovuti ya Antenati ya nyaraka za serikali ya Italia, ni bure, Sisilia vitabu vya serikali vinaanza 1820, namba zimeandikwa kwa maneno na mwandiko ni mbaya ila maneno ni yaleyale kila ukurasa utazoea. Ambavyo haviko mtandaoni waandikie manispaa kwa Kitaliano, mistari minne inatosha, jina, jina la baba, mwaka, na uombe copia integrale, yaani nakala kamili, hiyo inakuja na maandishi ya pembeni ambayo mara nyingi yanataja ndoa. Na ukikwama kusoma mwandiko piga picha ukurasa mzima unitumie, usikate kipande cha jina lake tu, majirani wa juu na chini nao nawahitaji.